Bati Juu ya Mkongo

Watu wa Carnarvon, mji mdogo kwenye nyika ya Karoo, wakikuambia kwamba Evelina Slinger analipwa mshahara kwa kuilinda saa, usicheke. Wao wenyewe walicheka mpaka wakachoka, na mwenzao akaendelea kulipwa. Saa yenyewe si ya mkononi wala ya ukutani. Imo ndani ya jengo lililofukiwa nusu chini ya ardhi huko kwenye kituo cha kusikiliza nyota, na madishi yote yaliyotawanyika nyikani huishi kwa mdundo wake. Dishi likipokea mdundo uliochelewa, hata kwa kitambo kidogo ambacho watu hawajawahi kukipa jina, basi linachokisikia kutoka angani hakipatani na wanachokisikia wenzake, na kazi yote inakuwa kelele tupu.

Mdundo huo haupiti hewani. Huku kurusha kitu hewani ni marufuku, kisije kikayaziba madishi masikio: simu za mkononi huzimwa getini, na mtu akija na redio ya kuitana anaangaliwa kama kaleta ndui. Hupita ndani ya mwanga, mwanga ukapita ndani ya uzi wa kioo mwembamba kama unywele, na uzi umo ndani ya mkongo uliozikwa kwenye udongo mwekundu, safari ndefu kutoka kituoni hadi dishi la mwisho kule unakoishia uzio. Taabu ni kwamba kioo hurefuka kikipata joto na kujikunyata kikipata baridi, na uzi ukirefuka, mdundo unachelewa. Ndiyo maana unafukiwa jua lisipofika. Na kwa kuwa hata udongo si wa kuaminiwa, sehemu ya mwanga hurudishwa kutoka kwenye dishi mpaka kituoni, mashine ikapima safari ya kwenda na kurudi, kisha ikausukuma mdundo mbele kidogo au kuuvuta nyuma kidogo, ili ufike vilevile kiangazi na kipupwe. Kazi ya Lina, maana hilo Evelina ni la ofisini tu, ilikuwa kuziunga nyuzi na kuangalia mashine inasukuma kiasi gani. Ikisukuma kidogo, ardhi imetulia. Ikisukuma sana, kuna jambo.

Alizaliwa hukohuko mkongo unakopita, katika shamba la Brakpoort, kabla nchi ile haijanunuliwa kwa ajili ya madishi. Baba yake, Apools Slinger, alikuwa mchungaji wa kondoo wa mwenye shamba. Mama yake, Katriena, alifua na kupika kwenye nyumba kubwa. Mtoto alikuwa yeye peke yake, na kwa watu waliozoea kuzaa mpaka kitanda kijae, hilo lilikuwa jambo la kusikitikiwa. Alisoma akilala bweni mjini. Familia za wachungaji zilipohamishiwa mjini nazo, kwenye vijumba vya matofali visivyo na hata kichaka cha kujisitiri na upepo, kituo kilitangaza kuwafundisha vijana wa hapo, na Lina akaenda. Mwalimu aliwapa nyuzi wajaribu kuziunga. Wenzake walitetemeka mikono. Yeye aliunga mara ya kwanza, akauliza kama kuna nyingine. Tangu siku hiyo alijiona, na kwa kweli alikuwa na haki ya kujiona. Baba yake naye alipata kazi ya kukagua uzio wa kuzuia bweha, akizunguka na pikapu kuukuu, koleo na waya wa kushonea matundu. Alikuwa akimtania binti yake kwamba yeye alichunga kundi zima la kondoo akalala usingizi, na binti anachunga uzi mmoja tu na hana raha.

Januari ile utani uliisha. Kwenye mstari wa madishi ya mbali kabisa, mashine ilianza kusukuma kupita kiasi. Asubuhi ilitulia, jua likipanda, mchoro kwenye kompyuta ulipanda nalo, mchana ukawa mlima, jioni ukashuka. Jambo la namna hiyo huonekana kwa waya unaoning'inia nguzoni, si kwa mkongo uliozikwa. Baya zaidi, wingu likipita, mchoro ulishtuka, mashine ikaufukuza, ikateleza, na madishi mawili ya mwisho yakasimamishwa kazi kwa sababu hayaaminiki. Mkuu wa kituo alisema, bila kupandisha sauti, kwamba kuna wageni waliotoka mbali wanaoyangoja madishi yale, na chanzo kisipojulikana viungo vyote vya mstari ule vitafunguliwa kimoja kimoja, na aliyeviunga atajibu. Kila mtu alimjua aliyeviunga. Lina aliacha kula mchana. Mjini maneno yalishaanza, kwamba saa ya Lina imepigwa na jua, na waliosema hivyo ni walewale waliokopa chumvi kwa mama yake.

Injinia aliyefanya naye kazi, Lwazi Ntshinga, kijana wa pwani ya mashariki ambaye vumbi la huku lilimshinda miaka yote, hakumlaumu. Walikaa wote wawili mbele ya ule mchoro wakaukodolea macho. Yeye ndiye aliyesema kwamba udongo hauwezi kushtuliwa na wingu. Kinachoshtuka hivyo ni kitu chembamba kilicho wazi juani, mahali fulani. Lina akasema basi wangoje siku yenye wingu moja.

Karoo mwezi huo siku kama hiyo haikawii. Kivuli cha wingu hutembea juu ya tambarare ukikiona tangu mbali, kama mtu unayemdai anayekuja bila haraka. Lina alipanda kilima kilicho kando ya mstari, akafungua kibanda chenye simu ya waya, akampigia Ntshinga aliyebaki mbele ya mashine. Wakangoja. Kivuli kiliukanyaga mstari upande wa magharibi, kikaufuata taratibu. Ntshinga akawa anasema bado, bado, bado. Kivuli kikaipita pampu ya upepo, kikalipita bonde la chumvi, kikafika penye josho la zamani la Brakpoort.

"Sasa," alisema Ntshinga. "Umeporomoka. Kivuli kiko wapi?"

Lina alipaona vizuri. Alijua pia ni nani peke yake mwenye ruhusa ya kupita pale na pikapu yake. Akajibu kwamba haoni sawasawa, anakwenda kuangalia. Ulikuwa uongo wake wa kwanza kazini, na ulimtoka wenyewe.

Alikuta vichaka vilivyokatwa vimelazwa juu ya bati. Lilikuwa bati la paa la josho, likichemka kiasi cha kutogusika, na alilisukuma kwa buti. Chini yake palikuwa na mtaro mwembamba uliochimbwa kwa mkono, na kwa adabu. Udongo ulikwanguliwa kuuzunguka mkongo bila kuukwaruza, mkongo wenyewe ukabaki wazi kwa urefu wa nyumba nzima. Aliyeufunika alidhani anauficha, kumbe ameujengea tanuri. Mwisho wa mtaro palikuwa na mawe meupe, yamekusanywa na kupangwa. Huku, mtu asiye na pesa ya jiwe la kuchongwa humpangia maiti wake mawe kama yale. Lina alikaa chini palepale. Mkongo aliuelewa. Mawe hakuyaelewa, na alikuja na hasira lakini sasa aliogopa.

Alimkuta baba yake nyuma ya nyumba, anachoma mikate juu ya makaa.

"Baba, umechimba Brakpoort."

"Nani kasema?"

"Wingu."

"Siku hizi na mawingu yameajiriwa kituoni," alisema Apools, akageuza mkate ambao ulikuwa bado haujaiva. "Yanalipwa vizuri?"

"Sitanii, Baba. Kuna mawe pale. Ya nani?"

Apools aliangalia dirisha la jikoni, ambako Katriena alikuwa akipitapita, akashusha sauti. Kabla ya Lina, alisema, alikuwepo mwingine. Msichana. Hakumaliza hata wiki. Mchungaji wa kanisa wa wakati ule hakutaka mtoto ambaye hajabatizwa azikwe kwenye makaburi ya kanisa, na mwaka ule ndio Apools alikuwa karibu kufanywa mzee wa kanisa. Akainamisha kichwa akasema ndiyo, mchungaji. Alimzika mwenyewe karibu na josho, ndani ya kisanduku cha mbao za makasha ya sabuni, akarudi nyumbani akamwambia mkewe kwamba lililopita lisitajwe, Mungu atatoa mwingine. Mungu akawapa Lina. Katriena hakumtaja yule wa kwanza hata siku moja. Ila yeye Apools, kila alipopita na kondoo, aliweka jiwe jeupe.

Kisha watu wa kituo wakaja. Kabla ya kuchimba waliita mkutano kwenye ukumbi wa kanisa, wakauliza kama kuna yeyote mwenye kaburi katika yale mashamba, ili mkongo uzunguke. Waliuliza, wakarudia kuuliza. Apools alikuwa benchi la mbele pamoja na wazee wenzake wa kanisa, mkewe nyuma yake na kina mama. Angesema nini? Kwamba mzee wa kanisa ana mtoto aliyemtupa nje kama paka? Akakaa kimya. Mashine ikachimba ikanyoosha, na aliporudi kutoka upande wa pili wa uzio alikuta mawe yake yametupwa kando ya barabara pamoja na takataka. Tangu hapo hakuwa na amani. Alitaka kumpata tu, amhamishe, basi.

"Nilichimba taratibu, mwanangu. Waya wenu sijauumiza."

"Hujauumiza. Umeuchoma."

Alimweleza habari ya joto na bati. Mzee alisikiliza kwa makini ileile aliyokuwa akimsikilizia daktari wa kondoo, na alipoelewa alikaa juu ya ndoo.

"Kwa hiyo mlima wako ule ni mimi."

"Ni wewe, Baba."

"Nipe siku chache. Nikimpata nitafukia, hakuna atakayejua. Na mama yako usimwambie."

Kuna wazee unatamani uwashike mabega uwatikise mpaka meno yagongane. Hata sasa, mambo yamefika hapa, anataka kimya kingine! Lina aliula ule mkate mbichi kwa kuwa alikuwa amepewa, akaingia ndani.

Asubuhi alimwambia Ntshinga kila kitu, hata uongo wa kilimani. Injinia alifuta vumbi lisilokuwepo kwenye meza. Kisha akamweleza mambo yalivyo. Kuuchokoza mkongo kwenye ardhi ile iliyolindwa ni kesi ya jela, na sheria haiulizi umri. Lakini kaburi nalo lina sheria yake: likiwepo pale, kituo ndicho chenye kosa la kulipita, mkongo utahamishwa, na Oom Apools atakuwa mzazi anayemtafuta mtoto wake. Ntshinga alimwita Oom, kama kila mwenye mvi anavyoitwa huku.

"Na lisipokuwepo?" Lina aliuliza.

"Basi ni mzee aliyeharibu mali ya serikali, na binti yake alijua akanidanganya kwenye simu."

Yote yakawa juu ya hilo, kaburi lipo au halipo. Akaitwa mtaalamu wa makaburi ya kale, Bi Vermaak, mwanamke mrefu mwenye ngozi iliyobabuka kwa jua, na siku ikapangwa. Lina alimwendea mama yake alipokuwa akipiga pasi, akamwambia kwamba wanakwenda kumtafuta yule mtoto wa kwanza. Alitegemea kilio, au kelele, au swali. Katriena hakuinua kichwa. Aliuliza ni siku gani, akamaliza shati. Siku ilipofika alivaa kofia yake ya kanisani akapanda gari bila kuambiwa.

Walichekecha udongo wa pale kwa chekecheke na brashi tangu asubuhi. Apools alikuwa akionyesha, kofia mkononi: hapa, hapana, sogeeni kidogo, hapa. Mkuu wa kituo alisimama kando na mlinzi wa serikali mwenye bunduki ya kiunoni. Hakukuwa na mfupa, wala msumari, wala kipande cha ubao. Jua lilipokuwa la utosi Bi Vermaak alisimama akanyoosha mgongo. Alisema udongo ule uliwahi kuchimbuliwa zamani, hilo analiona, lakini ndani hamna kitu. Labda mashine ilikipeleka. Labda hakikuwepo kamwe. Yeye hawezi kuandika kwamba kaburi lipo.

"Nilimzika kwa mikono hii," alisema Apools.

Mlinzi alisogea hatua moja karibu naye, kwa upole wa watu wa kazi ile, na Lina akaona baba yake anachukuliwa mbele ya macho yake, kwa sababu yeye mwenyewe alisema kweli.

"Acheni kuchimba," alisema Katriena. "Hayupo hapo."

Alikuwa amekaa kwenye kivuli cha gari tangu walipofika. Alidhani wataona udongo mtupu, watoe pole, waende zao. Hakujua kwamba utupu ule ndio utakaomfunga mumewe. Akainuka, na akasema akimtazama Bi Vermaak, si Apools. Mtoto alikuwepo, alisema, na yeye ndiye aliyemtoa. Ilikuwa mwaka uliofuata, mama mkwe wake alipofariki. Apools alikuwa mbali na kundi, alifika asubuhi ya mazishi tu. Kaburi huchimbwa siku moja kabla, kila mtu anajua hivyo, na mchimbaji alikuwa Dirk, kaka yake Katriena, ambaye sasa naye ni marehemu. Walikuja wawili na mkokoteni wa punda, wakakitoa kisanduku, wakachimba tena kidogo chini kabisa ya kaburi la bibi pale kanisani, wakakiweka, wakafukia vizuri. Kesho yake kanisa zima likaja likaimba, na mchungaji yuleyule akasoma sala zote juu ya wote wawili.

Bi Vermaak alimwuliza maswali machache kuhusu kisanduku na mbao zake, na majibu yalilingana na ya Apools, ambaye walishamhoji peke yake. Akamwambia mkuu wa kituo kwamba ataandika kwamba kaburi lilikuwepo na mzee hakusema uongo. Mkuu alijikuna shingo, akasema kesi haitakuwepo, ila kazi ya uzio nayo haitakuwepo. Mlinzi akarudi garini. Kwa kuwa kaburi halipo tena, mkongo ungebaki pale ulipo, na Ntshinga alimwomba Lina aanze kuufunika kabla jua halijauharibu zaidi. Lina akachukua koleo. Wazazi wake walibaki wamesimama ng'ambo ya mtaro, na yeye alifukia akijifanya hana masikio.

"Miaka yote naweka mawe hapa," alisema Apools. "Ulikuwa unaniona."

"Nilikuona."

"Ukaninyamazia."

"Ulisema asitajwe, Apools. Nikakutii."

Apools aliuangalia mtaro. Lina aliona mikono ya baba yake inapapasa ukingo wa kofia, ikizunguka na kuzunguka, na alimwonea huruma na bado alikuwa na hasira naye, vyote pamoja.

"Mama yangu, maskini," Apools alisema mwishowe. "Mkamlaza juu ya mtoto, hata hajui."

Katriena akamgeukia kwa mara ya kwanza siku ile.

"Mama yako ndiye aliyeniomba. Alipojua haponi aliniita akasema, mleteni huyo mtoto nilale naye. Ila Apools asijue, akasema. Atakwenda kumwambia mchungaji."

Apools alivuka mtaro, akamnyooshea Lina mkono apewe koleo, akafukia yeye mwenyewe mpaka mwisho, na hakuna aliyemzuia.